Premio kuelekea ukaguzi wa moshi: shajara ya Februari

Jumamosi, 1 Februari

Leseni ya kubeba abiria inaisha mwezi huu, na gari lisilopita ukaguzi halipewi leseni mpya. Ramadhani nayo inabisha hodi, msimu ambao wateja wa jioni huwa wengi kwenye steji yetu ya Ntinda, Kampala. Kwa hiyo gari linaingia gereji sasa, wala halisubiri wiki ya mwisho.

Ni Toyota Premio ya 2004, injini 1ZZ-FE ya petroli, sentimita za ujazo 1,794, na dashibodi inasoma kilomita 214,600. Liliingia nchini kupitia Mombasa kabla ya sheria ya 2018 iliyofunga mlango kwa magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Mimi nililinunua mwaka jana mkononi mwa mtu. Breki na taa hazinitishi. Kinachonikosesha usingizi ni kile kinachotoka nyuma. Asubuhi bomba linatoa harufu kali ya petroli mbichi hadi macho yanawasha, na ukipitisha kidole ndani yake kinatoka na masizi meusi, makavu. Ukavu huo una maana. Masizi yenye utelezi ni dalili ya oili inayoungua. Makavu ni petroli nyingi kuliko hewa.

Leo nimefanya jambo moja tu. Nimefungua ufunguo bila kuwasha injini, nikazitazama taa za dashibodi moja moja. Ya oili ipo, ya betri ipo, ya mifuko ya hewa ipo. Ile ya manjano yenye picha ya injini haipo. Taa hiyo lazima iwake ufunguo unapofunguliwa, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mkono wa mtu.

Tumeitoa dashibodi na kijana mmoja wa umeme hapa mtaani. Nyuma ya uso wa mita, juu ya alama ya injini, kuna kipande cha utepe mweusi wa kufungia nyaya, kimekatwa kwa wembe kikawa mraba safi na kubandikwa bila mkunjo hata mmoja. Aliyefanya kazi hiyo alijua anachoficha. Nimekibandua. Taa sasa inawaka, na haizimi.

Ushauri wangu kwa yeyote anayenunua gari la mkononi: kabla hujafungua bonneti, kabla hujapiga teke tairi, fungua ufunguo na uitafute taa hiyo.

Jumanne, 4 Februari

Ndeeba, kwa fundi wangu. Ni mzee wa Arua, vijana wa gereji wanamwita Mwalimu, na Kiswahili chake ni kile cha West Nile kilichonyooka. Amechomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na kosa limejitokeza mara moja: P0135, yaani hita ya sensa ya oksijeni ya mbele haifanyi kazi. Akaipima kwa mita, ncha hadi ncha. Mita haikusogea. Waya wa ndani umekatika.

Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la eksozi ikinusa moshi. Injini ya petroli huchoma vizuri ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli, na sensa ndiyo inayoiambia kompyuta kama kipimo kimezidi au kimepungua. Lakini sensa baridi haioni kitu. Hita ikifa, injini ikiwa inanguruma tu kwenye foleni ya Wandegeya, sensa inapoa, na kompyuta inabaki kumimina petroli kwa kukisia.

Nilidhani tumemaliza. Mwalimu hakufunga bonneti.

"Kijana wangu, joto la maji mbona liko chini?"

"Mzee, si ndiyo vizuri? Haichemki."

"Twende barabarani."

Tukalipa shilingi 5,000 za njia ya Entebbe, mimi nikiendesha, yeye akishika kifaa mapajani. Kwenye msongamano wa kutoka Ndeeba kilisoma 77. Barabara ilipofunguka na upepo kuingia kwenye rejeta, namba zikaanza kushuka: 70, 66, 61. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, chini ya jua la Februari, injini ilikuwa inapoa. Tuliporudi tukafungua kifuniko pale hozi ya chini ya rejeta inapoingia kwenye injini. Ndani hamna thamostati. Kuna mpira wake tu, umebaki ukizunguka nafasi tupu.

Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu jambo hili limeenea Kampala nzima. Gari linachemka, linapelekwa gereji, na fundi anang'oa thamostati huku akisema kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Si kweli. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi inafunga ili maji yazunguke ndani kwa ndani na kupata moto haraka. Ikifika nyuzi 82 hivi inaanza kufunguka na kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Kazi yake ni kuishikilia injini kwenye joto iliyoundwa kufanyia kazi, iwe Sapporo au Soroti. Ukiing'oa, kompyuta inaona injini ambayo haijapata moto na inaendelea kuiongezea petroli kama alfajiri. Petroli hiyo ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, inaingia kwenye oili yenyewe, na inayobaki inatoka nyuma ikiwa sumu. Na ugonjwa uliofanya gari lichemke, iwe feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba au kifuniko kilicholegea, bado uko pale pale.

Maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa ya kahawia, yana kutu. Sababu ya kuchemka tukaipata hapo hapo.

Alhamisi, 6 Februari

Kisekka, kununua spea. Bandia ni nyingi na maboksi yake yanapendeza kuliko ya halali, kwa hiyo thamostati sikuinunua kwa boksi. Nimechukua yenye namba 82 iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, nikakubaliana na mwenye duka kwamba nitaijaribu nyumbani na ikigoma nitairudisha. Amekubali bila kinyongo, jambo lililonipa moyo kuhusu mali yake.

Jaribio lenyewe halihitaji gereji. Sufuria ya maji jikoni, thamostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Hadi 75 ilikuwa imefunga kimya. Kwenye 81 ukingo wa shaba ukaanza kuachana na mpira, upana wa unywele. Kwenye 83 mwanya ulikuwa wazi, kisha sahani ikaendelea kushuka polepole kadiri maji yalivyopata moto. Nilipozima jiko ikarudi na kufunga kabisa. Watoto walisogea kutazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mimi mwenyewe kuiona kazi hiyo kwa macho.

Jambo la kukumbuka kwetu: Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye sufuria iliyo wazi maji huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo na kulanti halisi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ni muhimu hapa kuliko Mombasa. Nimebadilisha vyote viwili.

Sensa mpya ya oksijeni imekula shilingi 280,000. Nilishawishiwa kuchukua ya mtumba kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Sensa huchoka kwa umri hata ikiwa inaonekana safi, na ya mtumba nisingejua imeshatembea kilomita ngapi, kwa hiyo nimekataa.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya kazi nzito, kutoka asubuhi hadi adhuhuri.

Rejeta imetolewa, ikasukumwa maji kinyumenyume hadi yakatoka meupe. Thamostati imefungwa, kale kavali kadogo kake ka kutoa hewa kakiwa juu. Kulanti nyekundu imechanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Kisha injini imeachwa iungurume, hita ya ndani ikiwa wazi kabisa, mpaka viputo vya hewa vikaisha kwenye rejeta na feni ikawaka na kuzima yenyewe. Sensa mpya imeingia. Mwalimu amefuta kosa kwenye kompyuta, na taa ya manjano imezima kwa haki yake.

Kichujio cha hewa kilikuwa na vumbi jekundu lililogandamana hadi karatasi haionekani. Msimu huu wa kiangazi, kwa anayepita njia za vumbi za Kyanja na Namugongo kila siku, kukisubiri kitimize kilomita zilizoandikwa kitabuni ni kujidanganya. Mimi nitakifungua kila mwezi mpaka mvua za Machi zianze.

Plagi zote nne zilikuwa nyeusi na kavu, sawasawa na bomba la nyuma. Shimo la silinda ya tatu lilikuwa na oili imetuama juu ya plagi. Imetoka kwenye gasketi ya kifuniko cha tapeti, ambayo tumeibadilisha pamoja na raba za mashimo hayo. Plagi mpya ni za iridiamu, mwanya milimita 1.1. Valvu ya kupumulia ya injini, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenda kuchomwa, ilikuwa imeganda: ukiitikisa inapaswa kugonga kwa ndani, na hii ilikaa kimya. Mpya ni bei ndogo sana.

Oili lita 3.7 na kichujio chake. Oili ya zamani ilinuka petroli waziwazi, nadhani sasa kila msomaji anajua kwa nini.

Kabla ya kurudisha plagi, Mwalimu alipima mgandamizo wa silinda. Nilikuwa na hofu hapa. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwa kuwa pistoni zake zina vitundu vidogo mno vya kurudishia oili; vikiziba, oili inapanda na kuungua. Mwongozo unataka isipungue kilopaskali 980, na zetu zote zilizidi 1,200 huku tofauti baina yao ikiwa ndogo. Alhamdulillahi. Majibu haya yanaamua kama inafaa kununua masega mapya, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la eksozi, na sababu yake nitaieleza siku hiyo ikifika.

Alhamisi, 13 Februari

Kuna gereji Bugolobi yenye mashine ya kupima gesi za moshi. Kabla ya kazi ya Jumamosi nilikuwa nimepitisha gari pale: monoksidi ya kaboni asilimia 2.8, haidrokaboni, yaani petroli isiyoungua, sehemu 410 kwa milioni. Leo nimerudi. Joto la maji 86, thabiti mjini na barabara kuu. Monoksidi asilimia 0.7. Haidrokaboni 170. Uwiano wa hewa na petroli, ambao mashine huuandika kama lambda, uko 1.00. Awali ulikuwa 0.92.

Ni hatua kubwa, na haikugharimu chochote cha ajabu. Lakini sijatosheka. Uingereza, kwa mfano, gari la petroli la umri huu linapimwa injini ikiwa kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika na halitakiwi kuvuka asilimia 0.2 ya monoksidi, sehemu 200 za haidrokaboni, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Hayo ndiyo malengo niliyojiwekea. Gari liliundwa liyatimize. Hakuna sababu lishindwe kwa kuwa linatembea Ntinda.

Kinachokosekana ni masega. Tumeliinua gari, Mwalimu akaligonga kopo la masega kwa nyundo ya mpira. Mlio wa debe tupu. Kwenye mgongo wa juu, mahali ambapo mtu aliyesimama chini haoni, kuna mstari wa kuchomelea. Walipasua, wakamimina vilivyomo, wakafunga.

Ndani ya kopo hilo huwa kuna kauri yenye vijitundu vingi mithili ya sega la nyuki, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu kwa kiasi kidogo sana. Madini hayo ndiyo yanayoibiwa. Moshi ukipita humo kukiwa na moto wa kutosha, kuanzia nyuzi 250 au 300, monoksidi inakuwa kaboni dayoksaidi, petroli isiyoungua inakuwa maji na kaboni dayoksaidi, na oksidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ile tunayovuta kila siku. Wenye kuyang'oa husema masega yanaziba pumzi ya gari. Masega mazima hayazibi. Yanayoziba yameuawa na injini iliyo mbele yake: oili inayoungua huyafunika kwa fosforasi, na petroli iliyozidi hufika humo, ikawaka na kuyeyusha kauri.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi hii haukuwa wa kubahatisha. Ukianza na masega wakati thamostati haipo, unachoma pesa. Joto kwanza, kisha sensa, kisha plagi na hewa, kisha uhakika kwamba injini haili oili. Masega ni ya mwisho.

Jumanne, 18 Februari

Masega yamefungwa. Shilingi 650,000, mapya, si ya kuchomelea kutoka gari lingine. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mradi huu, na kaka yangu ameniambia kwamba abiria hatalipa hata senti zaidi kwa ajili yake. Ni kweli hatalipa. Lakini steji yetu iko kando ya lango la shule, na jioni watoto husimama nyuma ya magari yetu wakisubiri wazazi, vimo vyao viko karibu na bomba kuliko vyangu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulianza 2015 na kufunga vipimo vya hewa jijini, vingine hata juu ya bodaboda, kwa hiyo hali ya hewa ya Kampala si siri tena. Shirika la Afya Duniani linataka chembe ndogo zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na gesi za magari ya petroli nazo huchangia kuzaa chembe hizo angani. Sikuhitaji hoja nyingine.

Bugolobi tena. Mizunguko 2,500, injini ikiwa na moto: monoksidi asilimia 0.07, haidrokaboni 18, lambda 1.00. Harufu ya petroli imekwisha. Mkono nyuma ya bomba unapata unyevu na joto, basi.

Alhamisi, 20 Februari

Yaliyobaki, kwa ufupi. Brekipedi za mbele mpya. Handibreki imekazwa. Balbu ya sahani ya namba. Raba za waipa. Tairi moja ya nyuma ilikuwa imekaribia alama za milimita 1.6, nimebadilisha mbili kwa pamoja. Boljointi ya kushoto ilikuwa na mchezo kidogo, imebadilishwa. Mikanda ya nyuma ilikuwa imezama chini ya kiti, nimeivuta na kuiosha. Injini imeoshwa kwa kitambaa na brashi badala ya maji ya kasi, yasije yakaingia kwenye koili.

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya ukaguzi. Nimezunguka kwanza barabara ya Northern Bypass kwa nusu saa kabla ya kuingia kituoni, masega yapate moto sawasawa. Foleni ilikuwa ndefu, na wengi walizima injini kuokoa mafuta. Ukiwa na masega usifanye hivyo dakika za mwisho. Yanapoa upesi kuliko injini. Magari matatu mbele yangu yalipobaki, niliwasha na kuishikilia injini kwenye mizunguko ya wastani kwa dakika chache.

Mkaguzi aliingiza kijiti cha mashine kwenye bomba, akanionyesha kwa mkono nikanyage mafuta, akatazama kioo, akaniuliza mwaka wa gari. Nikamwambia 2004. Akapima tena. Akaandika na kuendelea mbele bila neno.

Kilichonirudisha ni taa ya mbele ya kulia, inaangaza juu kupita kiasi na kuwaumiza macho wanaokuja. Ana haki. Fundi wa taa aliye nje ya kituo ameishusha kwa bisibisi mbele ya ukuta, nimerudi, imepita. Cheti ninacho.

Dashibodi inasoma 216,100. Oili imeshuka robo ya nafasi kati ya alama mbili za kijiti tangu tarehe 8, kiasi ambacho Mwalimu anasema ni cha injini ya umri huu na hakihatarishi masega. Nitaipima kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha na kuandika hapa. Ikianza kushuka kwa kasi, kazi inayofuata itakuwa raba za valvu. Kubadilisha oili tena ni kwenye kilomita 219,900.